Msitoe Mji Mapema

Hotuba niliyoitoa Tanga mbele ya wanafunzi, wazazi na walimu wa hisabati. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

Ndugu mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi wetu, na ninyi wanafunzi ambao ndio wenye siku hii. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Kitendawili!

Aa, hiyo ni sauti ya watu ambao hawajanywa chai. Kitendawili!

Sawasawa. Nyumba yangu haina mlango.

Yai. Hilo mmelijua tangu mna miaka minne, wala halina ugumu. Haya, kingine. Popoo mbili zavuka mto. Nasikia minong'ono tu sasa. Wazee wanatabasamu, vijana wanatazamana. Popoo mbili zavuka mto… Macho! Ahsante, mama yangu pale nyuma. Macho yanavuka mto, mwili umebaki ng'ambo hii.

Sasa wazee wangu nisaidieni kuwakumbusha hawa watoto. Ukitegewa kitendawili ukashindwa, ulikuwa unafanyaje? Ulitoa mji. Mtegaji anakwambia, "Nipe mji." Unampa Lushoto, anaukataa. Unampa Mombasa, anasema nimeshakwenda, sitaki. Unampa Unguja, ndipo anaupokea, tena anaanza kujisifia: nilikwenda Unguja, nikapokewa kwa matarumbeta, nikala pilau, nikavikwa kanzu. Na wewe umekaa hapo unasikiliza huku umeudhika, maana mji ulikuwa wako na umeutoa kwa sababu akili yako imegoma. Baada ya yote hayo ndipo jibu linafunguliwa.

Mimi nililelewa na bibi yangu upande wa Pangani. Jioni bibi anakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, sisi tuko kwenye mkeka, kibatari katikati, na vitendawili vinaanza. Nakumbuka kimoja kilitulaza siku mbili. Tulikataa kutoa mji. Kaka yangu alikwenda nacho shambani, mimi nikaenda nacho kisimani, na siku ya pili jioni, kabla hata bibi hajaketi, kaka akamkimbilia na jibu. Bibi aliweka kifuu chini akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Leo jibu lenyewe nimelisahau. Zile siku mbili sijazisahau.

Nimeitwa hapa nizungumze juu ya mafumbo ya hisabati na chemsha bongo kwa wanafunzi. Na nilipokaa kuandika, nikaona nina jambo moja tu la kuwaambia, nalo ni hili: msitoe mji mapema. Bibi zetu waliliwekea jibu bei. Sisi leo tumelifanya la bure. Mtoto anapewa fumbo saa mbili asubuhi, saa mbili na dakika moja ameshalipiga picha kwa simu, akili mnemba imemjibu, amenakili, amepata tiki. Je, amefikiri? Je, kuna kitu chochote kimepita kichwani mwake kati ya swali na jibu? Na sisi walimu, tunaowalaumu watoto kwa simu, ni mara ngapi tumeandika swali ubaoni, tukahesabu mpaka tano, halafu tukaandika jibu wenyewe kwa sababu kipindi kinakwisha?

Hebu tulijaribu hapa hapa. Wanafunzi, sikilizeni. Daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100. Daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni shilingi ngapi?

Naiona mikono. Wengi sana. Mia? Mia. Mia. Na mzee wangu pale naye, mia. Mgeni rasmi sitamuuliza.

Sasa tukague. Kama kalamu ni 100, na daftari limezidi kwa 1,000, daftari ni 1,100 peke yake. Ukijumlisha unapata 1,200. Haiendi. Na kama mnasema daftari ni 1,000 kamili, basi halijazidi kalamu kwa 1,000, limezidi kwa 900. Kalamu ni shilingi 50. Daftari ni 1,050. Jumlisheni wenyewe.

Msione haya. Profesa mmoja wa Marekani, Shane Frederick, alichapisha utafiti mwaka 2005 uliokuwa na swali la namna hii hii, la bei ya gongo la kuchezea na mpira, walilopewa wanafunzi wa vyuo vikuu, Harvard na Princeton vikiwemo. Wengi walianguka pale pale mlipoanguka ninyi. Fumbo hili halipimi nani anajua kutoa na kujumlisha, maana wote tunajua. Linapima nani anayeweza kulitilia shaka jibu lililokuja mbio.

Miaka mingi iliyopita nililiandika swali hili ubaoni, Kidato cha Pili, darasa la wanafunzi karibu sitini. Mikono ilipanda kama msitu, wanagonga meza, "Mwalimu! Mwalimu!" Nyuma kabisa, karibu na dirisha lililovunjika kioo, alikuwako binti mmoja hajanyoosha mkono. Anaandika, anafuta, anaandika. Nikamwendea. Nikamuuliza, mbona hunyooshi mkono? Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nimepata mia, lakini nikitoa haitoki elfu."

Jamani. Nikitoa haitoki elfu. Yule binti jibu alikuwa hana. Lakini alikuwa na kitu ambacho wenzake wote walionyoosha mikono hawakuwa nacho: alijua kwamba hana jibu. Nilimwacha. Dakika nne, labda tano, darasa zima limenyamaza kimya baada ya kugundua kuna jambo. Halafu akainua kichwa akasema, "Hamsini." Nawaambieni ukweli, walimu wenzangu, nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na huzuni. Nilikuwa nimefundisha miaka sita. Nilijiuliza, katika miaka hiyo sita, watoto wangapi wa karibu na dirisha nimewapita, nikamchukua mwenye mkono wa haraka?

Tuendelee. Kuna fumbo la mto, mnalijua. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani. Mtumbwi ni mdogo, unambeba yeye na kitu kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi pamoja, mbuzi ataliwa. Akiwaacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Atavukaje?

Fumbo hili ni la kale kuliko tunavyodhani. Huko Ulaya liko katika mkusanyo wa Kilatini wenye mafumbo zaidi ya 50, unaohusishwa na Alcuin wa York, mwalimu wa Kiingereza aliyefundisha katika jumba la mfalme Charlemagne na kufariki mwaka 804. Kwao chui ni mbwa mwitu na majani ni kabichi. Na mkusanyo huo unaitwaje? Unaitwa, kwa maneno yetu, matatizo ya kunoa vijana. Kunoa! Neno lile lile tunalolisema sisi tukiwa na panga na jiwe. Miaka zaidi ya 1,200 mwalimu anakaa na vijana, anawaambia njooni niwanoe.

Nilikuwa na kijana mmoja kwenye klabu yetu ya hisabati, tulikuwa tunakutana Jumatano baada ya masomo. Nikawapa fumbo hili. Yeye akachukua rula ikawa mtumbwi, kifuniko cha soda kikawa chui, punje ya mhindi ikawa mbuzi, na akachana jani la mwembe. Akamvusha mbuzi kwanza. Sawa, hapo kila mtu anafika, maana chui hali majani. Akarudi, akamchukua chui. Amefika ng'ambo, akawaweka chui na mbuzi pamoja… hapana. Akarudisha. Akachukua majani badala ya chui. Amefika ng'ambo, mbuzi na majani… hapana. Akarudia mara ya tatu, mara ya nne, mwisho akakusanya vitu vyote kwa kiganja akavitupa nje ya dirisha. Akasema fumbo hili ni bovu, haliwezekani. Nikamwambia sawa, nenda, tutaonana Jumatano.

Jumatano hakusema neno. Akatafuta rula, kifuniko, punje, jani. Akavusha mbuzi. Akarudi mtupu. Akavusha chui. Halafu nikaona mkono wake umesimama hewani, juu ya ile punje ya mhindi, kama mtu anayeogopa kugusa jiko. Akaichukua punje. Akaipandisha kwenye rula. Akairudisha ilikotoka. "Kumbe mbuzi anarudi!" Alipiga ukelele mpaka mlinzi akaja. Hapo mengine ni mteremko: mbuzi anabaki huku, majani yanavuka, mtu anarudi peke yake, anamchukua mbuzi. Safari saba.

Sasa niwaulize. Ugumu wa fumbo hili uko wapi? Hesabu hakuna. Kanuni ya kukariri hakuna. Ugumu wote umekaa sehemu moja tu, katika ile safari ya nne, ambapo inabidi umrudishe uliyekwisha kumvusha. Na kwa nini ni vigumu? Kwa sababu tumewalea watoto kuamini kwamba kurudi nyuma ni kushindwa. Daftari likiwa na mistari iliyokatwa, tunasema chafu. Mwanafunzi akifika mstari wa sita akagundua njia siyo, anafuta kwa aibu, anaziba kwa kiwiko mwenzake asione. Kwenye mtihani anaona ni bora aendelee na njia mbovu mpaka mwisho kuliko kukata mstari na kuanza upya. Mimi namwambia kila mwanafunzi aliyeko hapa: mbuzi anarudi. Kata mstari. Usizibe. Mwalimu mwenye macho ataisoma ile njia uliyoikata na kukujua kuliko anavyokujua kwa tiki zako zote.

Niliposema yule kijana alidai fumbo haliwezekani, kuna mwanafunzi pale mbele ametikisa kichwa. Nimekuona. Unataka kuniuliza, je, kama kweli fumbo haliwezekani? Swali zuri sana, na kwa kweli ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Nyote mmechora ile bahasha. Hakuna mtoto ambaye hajaichora, kama si kwenye daftari basi mchangani. Unachora mstatili, unaukatisha kona kwa kona mistari miwili, halafu unaweka paa la pembetatu juu, kama bahasha iliyofunguliwa. Masharti: usiinue kalamu, wala usipite mstari mmoja mara mbili. Wengi mnaiweza. Sasa ondoeni paa, iwe bahasha iliyofungwa. Chora bila kuinua kalamu. Mtu atakaa nayo wiki. Mimi nilikaa nayo muhula mzima nikiwa darasa la sita.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti kutoka Hungary, Emil Torday, alikaa kwa Wakuba, kabila la huko Kongo. Akawakuta watoto wamechuchumaa mchangani wanachora michoro ya namna hii, mingine yenye mistari mingi kweli kweli, yote bila kuinua kidole. Wakamwambia naye ajaribu. Akashindwa, na watoto wakafurahi mno. Ninawapenda watoto wale. Nawaona wakitazamana, mgeni mwenye viatu kachuchumaa mchangani, kidole kimekwama.

Na huko Ulaya, katika mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi, kulikuwa na mto Pregel na madaraja 7. Watu waliulizana, je, mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu, bila kurudia? Wakatembea, wakatembea, hakuna aliyeweza. Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler akaandika jibu. Wala hakuhitaji kwenda kutembea madarajani. Alijiuliza jambo dogo mno: ukipita sehemu fulani, unaingia kwa daraja moja na kutoka kwa jingine. Kuingia na kutoka, ni mbili. Tena ukipita, mbili. Kwa hiyo sehemu unayopita tu, madaraja yake lazima yawe shufwa. Sehemu yenye madaraja witiri inaweza kuwa ama ulipoanzia ama ulipoishia. Na safari ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Königsberg ilikuwa na sehemu nne za nchi kavu: moja ina madaraja matano, tatu zilizobaki zina matatu matatu. Zote witiri! Basi. Haiwezekani, wala haitawezekana, hata mtu atembee miaka mia.

Rudini kwenye bahasha yenu. Iliyofungwa, hesabuni mistari kila kona. Tatu, tatu, tatu, tatu. Kona nne za witiri. Muhula wangu mzima wa darasa la sita nilikuwa natafuta njia ambayo haipo! Iliyofunguliwa je? Kona mbili za juu zimeongezewa paa, zimekuwa na mistari minne minne. Ncha ya paa ina miwili. Zimebaki za witiri mbili tu, za chini. Ndiyo maana ukianzia kona ya chini unaweza, na ukianzia juu hata ujitahidi vipi unakwama. Mlikuwa mnadhani ni bahati, kumbe ni hesabu ya kuingia na kutoka.

Wanafunzi wangu, kuna tofauti kubwa sana kati ya kusema "nimeshindwa" na kusema "haiwezekani, na nitakuonyesha kwa nini". Ya kwanza ni kutoa mji. Ya pili ni kuuchukua mji wa mwenzako.

Niingie sasa nyumbani kwetu kabisa, kwenye mirathi. Kisa cha ngamia 17 kinasimuliwa sana barazani. Baba kafariki, kaacha ngamia 17 na wosia: mkubwa apate nusu, wa pili theluthi, mdogo sehemu moja ya tisa. Nusu ya 17 ni ngamia wanane na nusu. Nani atamkata ngamia? Ndugu wakakaribia kupigana. Akaja mzee na ngamia wake mmoja, akasema mchukueni huyu wangu, sasa wako 18. Nusu ni 9, chukua. Theluthi ni 6, chukua. Moja ya tisa ni 2, chukua. Tisa na sita na mbili ni 17. Amebaki mmoja, ni wangu, kwaherini. Akampanda akaenda zake.

Hapo watu hupiga makofi. Na hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu makofi yanafunga mlango. Kila mtu kaenda nyumbani ameridhika, na hakuna aliyeuliza: imewezekanaje? Yule ngamia aliingia akatoka, alifanya kazi gani?

Nilikisimulia kisa hiki siku moja barazani, baada ya sala ya alasiri, watu wamekaa na kahawa. Palikuwa na mzee mmoja ambaye mtaani kwetu watu humwendea kwa mambo ya mirathi. Kabla sijafika hata kwa yule ngamia wa 18, mzee akaweka kikombe chini. "Moja ya tisa?" akasema. "Mafungu ya mirathi ni nusu, robo na thumuni, yaani moja ya nane; theluthi mbili, theluthi na sudusi, yaani moja ya sita. Moja ya tisa haimo. Huyo baba hakugawa mali yote. Jumlisha uone."

Nikajumlisha nyumbani. Nusu ni 9 juu ya 18. Theluthi ni 6 juu ya 18. Moja ya tisa ni 2 juu ya 18. Jumla, 17 juu ya 18. Baba alisahau fungu moja kati ya kumi na nane! Ndilo lililompa yule mzee nafasi ya kuondoka na ngamia wake. Yule mzee wa barazani, asiyekuwa na cheti hata kimoja cha hisabati, aliliona tobo katika sentensi ya kwanza, kwa sababu yeye kila siku kazi yake ni kuhakikisha mafungu yametimia. Wala si ajabu. Al-Khwarizmi, aliyeandika kule Baghdad katika karne ya 9 kile kitabu kilichotupa neno aljebra, sehemu kubwa ya kitabu chake ni mirathi. Wanafunzi mnaoniuliza aljebra ya nini, hiyo hapo, ilikaa matangani tangu mwanzo.

Nilipolipeleka hilo darasani, nikawaambia sasa tungeni chenu. Wakapata ng'ombe 11: nusu, robo, sudusi. Azima mmoja, wawe 12, toa 6, toa 3, toa 2, mrudishe mwenyewe. Mwingine akaja na mbuzi 7: nusu, robo, thumuni. Msichana mmoja akauliza, je, nikitaka mzee aazime wawili badala ya mmoja? Sikumjibu. Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba siku ile sikumjibu, maana alikwenda akakaa nalo na wenzake wawili, wakarudi Ijumaa na ukurasa mzima.

Walimu wenzangu, najua mtaala ni mrefu. Najua mtihani wa taifa hauulizi chui na mbuzi. Nawaomba kitu kidogo. Jumatatu asubuhi, fumbo moja kwenye kona ya ubao, lizungushieni mstari lisifutwe. Halina alama. Jibu ni Ijumaa, na Ijumaa asisimame mwalimu, asimame mwanafunzi. Katikati ya wiki mtoto akikufuata ofisini kuomba jibu, muulize tu umefika wapi. Mtapoteza dakika kumi kwa wiki. Mtapata darasa ambalo halitishiki na swali lisilofanana na mfano wa kitabuni, na hiyo ndiyo maradhi yetu kubwa: namba zikibadilishwa mtoto anajua, maneno yakibadilishwa mtoto anakufa.

Wazazi wangu. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi nimeishia darasa la saba, nauza maandazi, nitamsaidiaje huyu na hesabu za sekondari?" Nikamwambia, mama, jifunze neno moja tu: umejuaje? Akikwambia jibu, muulize, umejuaje? Huna haja ya kujua kama ni sahihi. Yeye mwenyewe akianza kukueleza, akifika penye uongo atakwama, utaona macho yake. Baada ya miezi miwili nilikutana naye sokoni. Akanicheka, akasema, "Mwalimu, sasa ananikimbia, lakini usiku namsikia anajiuliza mwenyewe."

Na ninyi akina baba mnaocheza bao pale chini ya mkungu, mashimo 32, kete 64, mnaohesabu kichwani mzunguko utaishia shimo gani kabla hamjagusa kete: kwa nini watoto mnawafukuza wakisimama nyuma yenu? Waacheni wasimame. Mpeni mmoja nafasi, ashindwe, arudi kesho. Hiyo ni hesabu, tena ngumu, na mnaifanya kila jioni bila kuiita hesabu.

Nimeambiwa muda umekwisha, lakini siwezi kuondoka bila kutega.

Mfanyabiashara kutoka Pemba ana vifuko 9 vya karafuu. Vyote vinafanana, vimeshonwa uzi wa namna moja, ukivipima kwa mkono huoni tofauti. Lakini kimoja kimepunjwa, ni chepesi kidogo kuliko vingine. Ana mizani ya zamani, ile ya sahani mbili, isiyo na mawe ya kupimia. Inakwambia tu huku kuzito au huku kwepesi, au sawa. Ameruhusiwa kupima mara mbili tu. Atakipataje kifuko kilichopunjwa, kwa hakika, bila kubahatisha? Na mkikipata, vikiwa vifuko 27, apime mara ngapi?

Simu ziko mifukoni mwenu, siwezi kuwazuia. Mimi nitakuwa pale nje chini ya mwembe mpaka saa kumi, anayetaka kunieleza alipofika aje, hata kama amekwama. Lakini Lushoto siitaki, Mombasa siitaki, na Unguja nimeshakwenda.